Serikali haihitaji kinga mpya dhidi ya makosa ya polisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza hivi karibuni kwamba Bunge litunge kifungu cha kuikinga Serikali isidaiwe fidia kwa makosa yanayotendwa na askari polisi, kwa hoja kwamba askari aliyekosea abebe msalaba wake mwenyewe na kwamba fedha za walipa kodi zisitumike kulipia ubaya wa mtu mmoja. Ameandika kwa adabu, na sehemu moja ya hoja yake, ile ya kutaka mkosaji naye aguswe mfukoni, sina ugomvi nayo. Ninachobishana naye ni kwamba anaomba kitu ambacho, kwa mwananchi wa kawaida wa Mtwara na Lindi, huku kusini mwa Tanzania, tayari kipo. Hakikuandikwa kwa jina la kinga. Kimetawanyika katika masharti ya namna ya kufungua shauri, mahali pa kulifungulia, na namna ya kulipwa baada ya kushinda.

Sheria inayohusika ni ya mwaka 1967, ile ya mashauri dhidi ya Serikali, ambayo leo ni Sura ya 5 ya sheria zetu. Kifungu chake cha 3 ni cha kujivunia. Kinasema kwa ujumla kwamba Serikali itawajibika kwa mikataba yake na kwa madhara inayosababisha kana kwamba ni mtu binafsi mwenye umri kamili na uwezo wa kisheria, na kwamba makosa ya watumishi wake katika kazi yatahesabiwa kuwa yake. Waingereza wenyewe, walioishi karne nyingi na kanuni kwamba Mfalme hawezi kukosa, waliiacha kwa sheria mwaka 1947 tu, na kwa upande wa polisi waliendelea kubabaika hadi 1964, kwa sababu mahakama zao tangu 1930 zilishikilia kwamba konstebo hawezi kuhesabiwa kuwa mtumishi wa halmashauri inayomlipa mshahara. Sisi hatukuurithi utata huo. Kwa maneno ya kifungu cha 3, mwenye shamba la korosho aliyeonewa na askari anasimama mbele ya Serikali kama anavyosimama mbele ya jirani aliyemlishia ng'ombe shambani.

Lakini kifungu kizuri kinaweza kunyongwa na kifungu kinachokifuata. Mwaka 1974 kifungu cha 6 kilirekebishwa ili mtu asiweze kuishitaki Serikali mpaka apate kwanza kibali cha maandishi cha Waziri. Yaani mdaiwa ndiye aliyekuwa akiamua kama adaiwe. Hali hiyo ilidumu karibu miaka ishirini, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba kwa kuwa linamfungia mtu mlango wa mahakama. Bunge lilitii, na mwaka 1994 likaondoa kibali na kuweka mahali pake notisi ya siku 90. Wengi tuliofundishwa sheria kidogo baadaye tuliambiwa kwamba tatizo lilikwisha hapo. Kwa kampuni yenye wakili wa kudumu, huenda kweli lilikwisha.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Masasi. Sina ruhusa ya kusimama mahakamani kumtetea mtu. Kazi yangu ni kumweleza haki yake, kumsaidia kuandika na kumwelekeza pa kwenda. Naomba nieleze kwa urefu kidogo jambo la mkulima mmoja niliyemsaidia, bila kumtaja yeye wala kituo kinachohusika, kwa sababu ndani yake inaonekana vizuri ile kinga ambayo mwenzangu anadhani haipo.

Mkulima huyu alikuwa akipeleka magunia manne ya korosho zake kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika jioni ya msimu, kwa guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, alilonunua mwaka uliotangulia. Njiani akasimamishwa na askari na kuambiwa anashukiwa kufanya kangomba. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, ila kwa wa mbali niseme kwamba kangomba ni ununuzi wa korosho wa kificho nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na ni kweli kwamba unawaumiza wakulima, na kwamba polisi wana wajibu wa kuuzuia. Mkulima wetu hakuwa na stakabadhi kwa sababu stakabadhi hutolewa ghalani na yeye hakuwa amefika ghalani. Aliwekwa mahabusu Alhamisi, akatolewa Jumanne ya wiki iliyofuata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtu aliyekamatwa kwa kosa la namna hiyo bila hati afikishwe mahakamani au apewe dhamana ndani ya saa 24, kwa kadiri inavyowezekana. Hakufikishwa mahakamani siku yoyote, wala hakufunguliwa shitaka mpaka leo.

Korosho zilibaki kituoni kama kielelezo cha kesi ambayo haikuwapo. Zilipangwa barazani, chini ya ukingo wa bati, na mvua za mwanzo zilipopiga kwa upande, magunia mawili ya chini yakalowa. Alipokabidhiwa, nilikuwapo. Tulilifungua gunia moja palepale na korosho za katikati zilikuwa zimeshikamana, zina ukungu mweupe, zinatoa joto ukiingiza mkono. Ghala lilizikataa korosho za magunia yote manne, na sikumlaumu mtunza ghala, maana angeziingiza zingeharibu za wengine. Guta lilikuwa limetolewa betri, na nyaya zake zilifungwa kwa kipande cha sandarusi, kazi safi kabisa, ya mtu ambaye hakuwa na haraka.

Tuliandika notisi. Ilikwenda kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi huko Dodoma, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kama sheria inavyotaka, ikieleza msingi wa madai na kiasi kinachodaiwa. Siku 90 zilipita bila jibu. Sisemi kwamba kutojibu ni kuvunja sheria, kwa kuwa hakuna kinachomlazimisha mpokeaji kujibu. Notisi inamzuia mdai kwenda mahakamani kwa miezi mitatu, na haimlazimishi mdaiwa kufanya lolote katika miezi hiyo. Inasemwa kwamba lengo ni kuipa Serikali nafasi ya kuchunguza na kumalizana na mdai nje ya mahakama. Basi na iandikwe hivyo katika sheria: mpokeaji achunguze, ajibu, na asipojibu hilo lihesabiwe dhidi yake wakati wa kuamua gharama za kesi.

Baada ya siku hizo tukafika penye kikwazo chenyewe. Kifungu cha 7 kinasema mashauri ya madai dhidi ya Serikali hayafunguliwi katika mahakama yoyote isipokuwa Mahakama Kuu. Haijalishi unadai mabilioni ya mkataba wa barabara au magunia manne ya korosho na betri. Mahakama Kuu kwa mikoa yetu miwili iko Mtwara mjini. Najua siku hizi hati husajiliwa kwa mtandao, na hilo ni jema, lakini shahidi hasafiri kwa mtandao, na mwananchi asiye na wakili hawezi kuandika hati ya madai ya Mahakama Kuu ikasimama mbele ya mawakili wa Serikali ambao, kwa haki kabisa, wataanza na pingamizi la awali juu ya jina la mdaiwa, tarehe ya notisi, au kiapo kilichokosewa. Mtu wa Liwale hupita Nachingwea kwanza kwa barabara ambayo masika yote ni tope, ndipo aanze safari ya Mtwara. Mtu wa Kilwa ana wilaya kadhaa za kuvuka. Wakili tuliyemwendea alitaja gharama zake bila kutuonea, akaeleza kila hatua. Mkulima akauliza kama hiyo ni bei ya korosho au ya shamba lenyewe. Shauri halikufunguliwa.

Na muda wenyewe hausubiri. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara kwa ujumla, lakini inatoa mwaka mmoja tu pale fidia inapodaiwa kwa tendo linalosemekana kufanywa kwa kutekeleza sheria. Askari anayekamata mtu siku zote atasema alikuwa akitekeleza sheria. Ukiondoa miezi mitatu ya notisi na miezi ya kutafuta nauli na ushauri, mwaka huo ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye kalenda.

Mwaka 2020 mambo yalibana zaidi. Marekebisho ya mwaka huo yaliziingiza mamlaka za serikali za mitaa, wakala za Serikali na mashirika ya umma katika utaratibu uleule wa siku 90, na yakataka Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika kila shauri la namna hiyo, la sivyo shauri zima linaharibika. Zamani mtu aliyepigwa na mgambo wa halmashauri sokoni aliweza kuidai halmashauri hiyo kwa notisi fupi, katika mahakama iliyo karibu na soko hilo. Sasa naye anaelekezwa Mtwara. Sababu iliyotolewa ni kulinda mali ya umma dhidi ya kesi zinazoshindwa kizembe, na sababu hiyo si ya kubeza, kwa kuwa halmashauri nyingi zilikuwa zikipoteza kesi kwa kutohudhuria tu. Lakini uzembe wa mwanasheria wa halmashauri umetibiwa kwa kumsogezea mbali mahakama mtu aliyeumizwa, na hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa dawa na ugonjwa vimekutana wapi.

Mwenzangu ataniambia: hayo ni ya utaratibu, na hayafanani na kinga. Nitamkumbusha hoja ya kwanza ya utetezi ambayo Serikali huitoa pale mdai anapofanikiwa kufika mbele ya jaji, hasa katika matukio mabaya kabisa. Husemwa kwamba askari yule hakutumwa na mtu, alivuka mipaka ya kazi yake, kwa hiyo kosa ni lake binafsi. Ndiyo ileile hoja ya mwenzangu ya kubeba msalaba. Matokeo yake ni ya ajabu. Askari akimpiga mtuhumiwa kibao wakati wa kumhoji, Serikali inawajibika, kwa kuwa kuhoji ni kazi yake. Akimtoa mtuhumiwa mahabusu usiku na kwenda kumnyang'anya fedha, Serikali inaweza kujitoa, kwa kuwa kunyang'anya hakumo katika kazi yake. Kadiri kosa linavyokuwa kubwa ndivyo mdhamini anavyozidi kuwa mbali.

Hapa kwetu jambo hili si la nadharia. Januari 2022 askari polisi saba walifikishwa mahakamani hapa Mtwara wakishitakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea. Kesi ya jinai ina njia yake na siigusi. Nani alitenda nini ni kazi ya mahakama. Lakini tukio lile liliwafanya watu wa mikoa hii wajiulize swali la madai ambalo kesi ya jinai haiwezi kulijibu: familia ya mtu aliyefia mikononi mwa askari imwendee nani kwa ajili ya watoto walioachwa? Mahakama ya jinai inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, lakini mtu aliyefungwa na kufukuzwa kazi atalipa kwa nini? Swali hilohilo lilikuwapo mwaka 2006, walipouawa Dar es Salaam wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi, na askari wakashitakiwa, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, iliyoiamua miaka kumi baadaye.

Wenzetu wa Afrika Kusini walilikabili swali hilo uso kwa uso. Mwaka 1999 msichana mmoja aliyekwama usiku mjini Johannesburg alipewa lifti na askari watatu waliokuwa zamu, wamevaa sare, wakiwa na gari la polisi. Wakambaka na kumtelekeza. Mahakama mbili za chini zilisema Serikali haihusiki, kwa sababu hakuna polisi anayetumwa kubaka. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilitengua maamuzi hayo kwa kauli moja. Ilisema kwamba askari wale walikuwa na wajibu wa kikatiba wa kumlinda msichana yule na walikuwa katika wajibu huo wakati wanamdhuru, na kwamba yeye aliingia kwenye gari lile kwa sababu lilikuwa la polisi. Serikali ilimpa askari sare, gari na imani ya umma. Vitu hivyo vikitumika kama chambo, aliyevitoa hawezi kusema havimhusu.

Sisi hatufungwi na mahakama za Afrika Kusini. Hata hivyo Katiba yetu, katika ibara ya 107A iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, na inazitaka zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Nyenzo ipo. Kinachokosekana ni kesi zinazofika huko, na hazifiki kwa sababu nilizokwisha kuzieleza.

Mwenzangu alitaja Marekani kama nchi iliyoendelea ambayo inazikinga serikali zake kisheria. Ni kweli nusu. Chukua jimbo la California, ambalo lina sheria ya mwaka 1963 yenye vifungu vingi vya kinga. Kimoja kinasema mamlaka ya umma haiwajibiki kwa kutotoa ulinzi wa kutosha wa polisi, maana yake huwezi kuudai mji kwa kuwa doria haikupita mtaani kwako siku ulipoibiwa. Naona busara ndani yake: kupanga idadi ya askari ni jambo la bajeti na siasa, na jaji hafai kulipanga. Lakini sheria hiyohiyo, ingawa inaanza kwa kusema kwamba mamlaka haiwajibiki isipokuwa pale sheria inaposema hivyo, inatamka waziwazi kwamba mamlaka inawajibika kwa madhara ya watumishi wake wakiwa kazini. Kinga kama ile ya doria zinakuja kama vighairi vya wajibu huo, kila kimoja kimeandikwa waziwazi ili mpiga kura akisome na kukipinga akitaka.

Kipo na kingine ambacho kingetufaa zaidi kama somo, kinachohusu polisi kumfukuza mtuhumiwa kwa gari. Anayefukuzwa akigonga watu wengine, idara ya polisi ya California inakuwa na kinga, lakini kwa masharti: iwe na sera ya maandishi inayosema lini kufukuza kuanze na lini kukome, na iwafundishe askari wake kila mwaka. Awali yalikuwapo malalamiko kwamba idara zilipata kinga kwa kuwa na karatasi tu ndani ya kabati, ndiyo maana sharti la mafunzo likakazwa. Na bado Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 2018 kwamba idara haipotezi kinga kwa sababu tu haikuthibitisha kuwa kila askari alisaini kwamba ameisoma sera. Unaweza kuubishia uamuzi huo, nami ningeubishia. Hata hivyo pale kinga inanunuliwa kwa mafunzo. Kinga anayoiomba mwenzangu ni ya bure, na ya bure haimlazimishi mkuu wa kituo yeyote kuandika hata utaratibu wa kutunza korosho za watu zisilowe.

Kuhusu hofu ya hazina kukauka sitasema mengi, kwa kuwa hata anayeshinda hana uwezo wa kukamata mali ya Serikali. Sheria inakataza hukumu kukazwa kwa dalali dhidi yake. Mshindi hupewa hati ya mahakama inayothibitisha deni, kisha anangoja alipwe. Wanaozijua ofisi watajua maana ya kungoja.

Ninachokiomba kwa wabunge wa mikoa yetu miwili ni kidogo na kinaandikika. Kifungu cha 7 kirekebishwe ili madai ya madhara dhidi ya Serikali yanayotokana na vitendo vya polisi au mgambo, yakiwa ndani ya kiwango cha fedha ambacho mahakama za wilaya na za hakimu mkazi tayari zinaruhusiwa kusikiliza baina ya watu binafsi, yafunguliwe katika mahakama hizo. Mawakili wa Serikali wapo mikoani na wana magari. Wao ndio wamfuate mdai Liwale au Nanyumbu. Notisi ipunguzwe kuwa siku 30 kwa madai hayo madogo. Na katika kifungu cha 3 iongezwe sentensi moja, kwamba tendo la askari lililofanywa kwa kutumia sare, silaha, mahabusu, gari au mamlaka ya kukamata litahesabiwa kuwa limefanywa kazini, na Serikali ikishalipa iwe na haki ya kumdai askari huyo sehemu au fedha yote. Hapo mwenzangu atakuwa amepata alichokitaka, kwamba mkosaji alipe, ila atakayemfuata askari huyo kutoka kambi hadi kambi kudai fedha hizo itakuwa Serikali yenye orodha ya mishahara, badala ya mkulima asiyejua hata namba yake ya utumishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Masasi, Mtwara
(Jina limehifadhiwa)